Benki ikifuta deni la kadi vitabuni, wewe bado unadaiwa

Kuna barua ya benki ambayo watu wetu wengi huku Marekani huisoma vibaya. Inasema akaunti ya kadi yako ya mkopo imekuwa "charged off", na mtu akiitafsiri harakaharaka anashusha pumzi: basi, wamesamehe. Hawajasamehe. Wasimamizi wa benki nchini humu wanataka deni la kadi lililofikisha siku 180 za kuchelewa liondolewe kwenye hesabu ya mali ya benki na kuandikwa hasara. Hayo ni mambo ya daftari la benki. Haki ya kukudai haijaguswa: benki inaweza kuendelea kukudai yenyewe, kumpa wakala akudai kwa niaba yake, au kuliuza deni kwa kampuni inayonunua madeni.

Nitaliita deni lililofutwa vitabuni, kwa sababu ndivyo lilivyo: limefutwa vitabuni mwa benki, si shingoni mwako.

Deni la namna hii huzungumzika. Anayelishika mara nyingi yuko tayari kupokea pungufu. Watu huharibu kwa kuanzia mwisho: wanapiga simu, wanakubaliana kwa mdomo, wanalipa, halafu ndipo wanaanza kutafuta karatasi. Simu si hatua ya kwanza. Kabla yake kuna maswali mawili ambayo lazima uwe na majibu yake mkononi: deni hili ni la nani leo, na lina umri gani.

Ni la nani leo

Vuta ripoti zako zote tatu za mikopo kutoka ofisi zinazotunza rekodi za mikopo, ya Equifax, ya Experian na ya TransUnion, kupitia AnnualCreditReport.com. Ni bure, na unaweza kuzivuta kila wiki. Usiridhike na moja, maana wadai wengine hupeleka taarifa kwa ofisi moja au mbili tu.

Tafuta mstari wa benki yenyewe. Kama salio linasomeka sifuri na kuna maelezo kwamba akaunti imeuzwa au kuhamishwa, benki imeshajitoa. Shuka chini kwenye sehemu ya makusanyo utafute kampuni iliyolinunua. Kama mstari wa benki bado una salio, deni bado ni la benki, hata kama anayekupigia simu ni wakala mwenye jina jingine. Deni moja kuonekana kwenye mistari miwili si kosa. Kosa ni mistari yote miwili kuonyesha salio, na hilo unalipinga kwa maandishi kwenye ofisi husika, ambayo kwa kawaida ina siku 30 za kulichunguza.

Tofauti hii inabadilisha mazungumzo yote. Wakala wa benki ana kiwango alichopangiwa na hawezi kushuka chini yake bila kuuliza. Mnunuzi wa deni ana uhuru zaidi, kwa sababu alilipata kwa bei ya kutupa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipochunguza kampuni kubwa za ununuzi wa madeni na kutoa ripoti mwaka 2013, ilikuta zililipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni. Haina maana kwamba nawe utamalizana naye kwa senti 4. Ila sasa unajua kwamba anapokuambia asilimia 50 ni hasara kwake, si hasara.

Mkusanya madeni yeyote anatakiwa akupe taarifa ya uthibitisho wa deni anapowasiliana nawe mara ya kwanza, au ndani ya siku 5 baada ya hapo. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 taarifa hiyo lazima ionyeshe hesabu. Kaa na kalamu uisome mstari kwa mstari: kiasi kilichokuwapo tarehe fulani, mara nyingi tarehe ya kufutwa vitabuni, tuseme dola 4,310, jumlisha riba tangu hapo, jumlisha ada, toa malipo uliyofanya, pata jumla ya leo. Kama kwenye mstari wa ada kuna dola 385 ambazo mkataba wa kadi haukuzitaja wala sheria haiziruhusu, hapo ndipo pa kuuliza. Unazo siku 30 tangu uipokee kulipinga deni kwa maandishi, na ukifanya hivyo mkusanyaji lazima asimame kukudai mpaka akuletee uthibitisho. Tuma barua hiyo kwa posta ya kuthibitishwa yenye risiti ya mpokeaji. Siku hizo 30 zikipita unaweza kuuliza bado, lakini halazimiki kusimama.

Kama Kiingereza cha simu kinakupiga chenga, mwambie mkusanyaji kwa maandishi kwamba simu hutaki, unataka barua. Kanuni zinakupa haki ya kukataa njia fulani ya mawasiliano. Na hata asipokatazwa, hapaswi kukupigia zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja. Anayekutishia polisi kwa sababu ya kadi ya mkopo anavunja sheria: Marekani hakuna jela ya deni la kadi. Vitisho vya aina hiyo huwapata sana wageni, na wengi hulipa kwa hofu hela ambayo wangeitumia vizuri zaidi wakitulia.

Saa mbili zinazotembea

Deni lina saa mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowaumiza watu.

Saa ya kwanza ni ya ripoti. Chanzo chake ni mwezi ule wa kwanza ulioshindwa kulipa na usiweze tena kuyafikia malipo. Sheria inaweka ukomo wa miaka 7, hesabu ikianza siku 180 baada ya kuchelewa huko kwa kwanza. Ukipita, mstari lazima utoke, uwe umelipa au hukulipa. Kulipa hakuirudishi saa hii nyuma, kuuzwa kwa deni hakuirudishi, na mnunuzi anayeandika tarehe mpya ili mstari ukae zaidi anavunja sheria. Ndiyo maana ripoti ya kwanza unayovuta uihifadhi: tarehe ya kuchelewa kwa kwanza ikibadilika baadaye, utakuwa na ushahidi.

Saa ya pili ni ya mahakama, yaani muda ambao mdai anaweza kukushtaki na kushinda. Hii inatofautiana kwa jimbo. Kwa deni la kadi New York ni miaka 3 tangu Aprili 2022, Texas na California ni 4, Minnesota ni 6. Na hii, tofauti na ya kwanza, katika majimbo mengi huanza upya ukilipa hata dola 20, au ukikiri deni kwa maandishi. New York imefunga mlango huo, na Texas imeufunga kwa wanunuzi wa madeni. Angalia sheria ya jimbo lako kabla ya kutoa senti.

Wengi tumelelewa na usemi kwamba dawa ya deni ni kulipa. Kwa deni la miaka 6 na nusu ambalo muda wa kushtaki umepita na ambalo linakaribia kutoka kwenye ripoti, malipo madogo ya "kuonyesha nia" hayakusaidii chochote na yanaweza kumrudishia mdai haki ya kwenda mahakamani. Kama unataka kulilipa kwa sababu ya dhamiri yako, ni jambo la heshima. Lilipe kwa makubaliano kamili ya maandishi, si kwa kudondosha. Kwa lengo la kutengeneza alama zako za mkopo (credit score) tu, deni hilo ni la mwisho kwenye foleni yako.

Wa kwanza kwenye foleni ni deni changa ambalo bado linaweza kushtakiwa, hasa lililo mikononi mwa benki au mnunuzi mwenye mazoea ya kufungua kesi. Na jambo moja zito: usiache kulipa kadi iliyo hai ili upate hela ya kumaliza iliyokufa. Unazalisha jeraha jipya lenye miaka 7 mbele yake.

Bei, na jinsi ya kuzungumza

Kusanya fedha kwanza. Maafikiano yanayoshuka chini zaidi ni ya kulipa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana msimu wa kurudishiwa kodi, Februari mpaka Aprili, barua za punguzo humiminika; wakusanyaji wanajua una hela. Zamu yako ya upatu ikiangukia hapo, hiyo ndiyo hela ya kazi hii. Mkopo wa haraka wa riba kubwa si hela ya kazi hii.

Kwa mnunuzi wa deni, anza na asilimia 20 hadi 25 ya salio na ujipangie mwisho wako kabla ya kunyanyua simu. Mara nyingi mtakutana kati ya 30 na 50. Benki yenyewe ni ngumu zaidi. 40 hadi 60 ni matokeo ya kawaida, na deni changa hukaa juu. Panda kwa hatua ndogo, na kila hatua iwe ndogo kuliko iliyotangulia, ili aliye upande wa pili asikie kwamba unafika ukingoni. Akisema 70 na wewe umesema 25, usikimbilie katikati. Mwambie: "Nina dola 1,200 ninazoweza kutuma mara moja, nikipata barua." Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu kwetu tuliofundishwa adabu ya kujaza mazungumzo, lakini kiache kifanye kazi. Akikataa, shukuru, kata simu, jaribu tena siku za mwisho wa mwezi, wakati wafanyakazi wa ukusanyaji wanahesabiwa malengo yao.

Usidanganye kuhusu hali yako. Kama umepunguziwa saa za kazi au unalea wagonjwa, sema hivyo kwa sentensi moja. Usitaje mwajiri wako wala benki unayotumia. Zote mbili ni taarifa zitakazotafutwa siku akipata hukumu dhidi yako. Andika tarehe, saa, jina la uliyezungumza naye na kila kiasi kilichotajwa.

Kuhusu kufutiwa mstari baada ya kulipa: omba, lakini elewa unaomba nini. Baadhi ya wanunuzi wa madeni hukubali kuondoa mstari wao wa makusanyo ukimaliza. Benki karibu zote hukataa. Na mnunuzi hata akiondoa wa kwake, mstari wa benki unaosema deni lilifutwa vitabuni unabaki mpaka muda wake uishe. Watu hulipa ziada wakidhani wanasafisha ripoti yote, kumbe wamesafisha nusu.

Barua kabla ya hela

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni barua ya ukurasa mmoja au miwili yenye nembo ya mdai. Bila hiyo usilipe, hata akikuambia ofa inaisha saa kumi na moja jioni ya leo. Ofa hurudi.

Isome taratibu ukitafuta mambo haya: jina la mmiliki wa deni wa sasa na la benki ya asili, tarakimu za mwisho za akaunti, zilinganishe na ripoti, kiasi kamili cha maafikiano na tarehe ya mwisho ya kukipokea, na sentensi inayosema wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Kwa Kiingereza utatafuta maneno kama "settled in full" au "full satisfaction". Ukikuta "payment toward the balance" tu, hayo si maafikiano, ni malipo ya sehemu, na salio lililobaki utaendelea kudaiwa. Itaje pia kwamba salio litaripotiwa sifuri, na kwamba kilichosamehewa hakitauzwa kwa mwingine. Kama mmekubaliana mstari ufutwe na barua haisemi, hamkukubaliana.

Ukilipa, usiwape namba ya akaunti unayopokelea mshahara. Hundi ya benki iliyotumwa kwa posta ya kuthibitishwa ni nzuri. Akaunti ndogo ya pembeni yenye kiasi hicho tu ni nzuri pia, kwani hata wakikata zaidi hawatapata kitu. Tatizo la kukatwa mara mbili, au kukatwa mapema kabla ya tarehe, ni la kila siku, na huangusha hundi ya kodi ya nyumba. Mkikubaliana awamu, zisizidi tatu au nne: barua nyingi zinasema ukikosa awamu moja makubaliano yanakufa na salio zima linarudi, likitolewa ulicholipa.

Serikali nayo inataka sehemu

Hili ndilo linalowashtua watu mwaka unaofuata. Mdai akisamehe dola 600 au zaidi kwa kawaida anatoa fomu 1099-C, nakala kwako na nakala kwa IRS (idara ya kodi ya shirikisho), na kiasi hicho kinahesabiwa kuwa kipato. Tuseme ulidaiwa 4,800 ukamaliza kwa 1,900. Umesamehewa 2,900. Kama uko kwenye daraja la kodi la asilimia 12, kodi ya shirikisho juu yake ni dola 348. Weka hiyo pembeni siku unapokubaliana.

Lakini kuna mlango wa halali ambao waandaaji wengi wa kodi wa mtaani hawauulizii. Kama muda mfupi kabla ya kusamehewa madeni yako yote yalizidi mali zako zote, hulipi kodi kwa kiasi cha pengo hilo. Piga hesabu: gari dola 7,000, vyombo vya nyumba 900, benki 600, jumla 8,500. Madeni, pamoja na mkopo wa gari na kadi zote, 19,000. Pengo ni 10,500, linazidi 2,900, kwa hiyo hakuna kinachotozwa. Unajaza fomu 982 na kuiambatanisha. Akiba ya uzeeni ya kazini, ile 401(k), inahesabiwa upande wa mali, usiisahau. Na kama umehama jimbo, kutoiona fomu hakukusaidii. IRS imeshapata nakala yake.

Ukipelekewa karatasi za mahakama

Zijibu. Kesi nyingi za kadi mdai anashinda kwa sababu tu mshtakiwa hakutokea, na hukumu ya upande mmoja inampa njia ya kukata mshahara, kwa sheria ya shirikisho hadi asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya lazima, au kufunga akaunti ya benki. Texas, Pennsylvania na Carolina zote mbili haziruhusu kukata mshahara kwa deni la kadi, ila akaunti ya benki ni suala jingine. Muda wa kujibu ni mfupi: siku 14 katika mahakama ndogo za Texas, 21 Minnesota, 28 Ohio. Minnesota ina mtego wake: kesi inaanza unapokabidhiwa karatasi hata kabla haijasajiliwa, kwa hiyo karatasi isiyo na namba ya mahakama si feki. Ndugu zetu kadhaa huitupa kwa sababu hiyo.

Kama muda wa kushtaki umeshapita, mkusanyaji hana ruhusa ya kukushtaki, lakini akishtaki ni wewe unayepaswa kulisema hilo kwenye jibu lako, jaji hatakusemea. Kumaliza kwa maafikiano bado kunawezekana baada ya kesi kufunguliwa. Hapo barua iongeze kwamba kesi itaondolewa "with prejudice", yaani isiweze kufunguliwa tena. Ofisi za msaada wa sheria za bure zipo kila jimbo, na nyingi zina mkalimani.

Kampuni zinazojitangaza kukumalizia madeni hutoza kawaida asilimia 15 hadi 25 ya deni uliloingiza, na nyingi hukuambia uache kulipa kadi zilizo hai. Tangu Oktoba 2010 zinazouza huduma hiyo kwa simu haziruhusiwi kuchukua ada kabla ya kumaliza angalau deni moja. Anayetaka hela mbele, achana naye. Kila kitu wanachofanya kiko kwenye ukurasa huu.

Alama zitapanda lini

Usitegemee kuruka. Kwa FICO 8, mfumo wa kukokotoa alama unaotumika sana, deni lililofutwa vitabuni na kulipwa pungufu bado ni doa, na siku ya kulipa alama zinaweza zisitikisike. Mifumo mingine, FICO 9 na VantageScore 3.0 na 4.0, haihesabu makusanyo yaliyokwisha kulipwa, ila hiyo ni kwa mstari wa mkusanyaji, si wa benki. Faida ya haraka ni nyingine: salio linakuwa sifuri, hatari ya kesi inaondoka, na afisa wa mkopo wa nyumba anayesoma ripoti kwa macho anaona jambo lililofungwa. Kupanda kwenyewe kunatokana na umri wa doa na malipo mazuri mapya yanayopangwa juu yake. Kadi ya dhamana, yaani kadi ya mkopo unayoiwekea amana yako mwenyewe, ya dola 200, itumie kwa bili moja ya dola 15, iweke ijilipe yenyewe kila mwezi.

Siku 45 baada ya kulipa, vuta ripoti tatu tena. Kama salio bado lipo, pinga kwa maandishi ukiambatanisha barua na uthibitisho wa malipo. Kisha weka vyote viwili kwenye bahasha moja na picha zake kwenye barua pepe yako, usizitupe hata mstari ukishatoka kwenye ripoti. Salio lililosamehewa wakati mwingine huchanganyika kwenye faili la madeni yanayouzwa, na baada ya miaka mitatu kampuni usiyoijua inakuandikia ikidai zile dola 2,900. Jibu lake ni nakala ya bahasha hiyo, ndani ya zile siku 30, kwa posta yenye risiti.